Sekondari ya Marekani miaka ya 1950: karakana, jiko na kinubi chini ya paa moja

Swali: Mwanangu anaingia kidato cha kwanza na tumepewa fomu ya kuchagua mkondo wa jumla au wa amali. Mjomba wake anayeishi Marekani anasema tusiogope amali, kwani kule zamani, miaka ya 1950, kijana mmoja aliweza kusoma Kilatini asubuhi, akatengeneza gari mchana, jioni akapiga tarumbeta, na wote wakatoka na cheti kimoja. Je, ni kweli? Waliwezaje? Na kama utaratibu ulikuwa mzuri hivyo, mbona waliuacha? *(Mama wa Morogoro)*

Jibu: Mama, mjomba amesema kweli. Shule za namna hiyo zilikuwapo, na katika miaka ya 1940 na 1950 ndizo zilizokuwa shule za kawaida za umma katika miji mingi ya Marekani. Mtoto wa daktari na mtoto wa fundi bomba waliingia lango moja, na waliohitimu walipokea cheti cha aina moja. Lakini mjomba ameruka jambo moja zito. Ndani ya lango hilo kulikuwa na njia kadhaa, na mara nyingi aliyeamua mtoto apite ipi hakuwa mtoto mwenyewe wala mzazi wake. Nitakueleza yote mawili kwa urefu, kwa sababu fomu uliyopewa inahusu hasa hilo la pili.

Mwaka 1900, kati ya vijana 10 wa Marekani wenye umri wa miaka 14 hadi 17, mmoja tu hivi ndiye aliyekuwa sekondari. Wenzake walikuwa shambani, mgodini, kiwandani, au nyumbani wakilea wadogo zao. Kufikia 1950 waliokuwa shuleni walizidi 7 kati ya 10. Sheria za kuzuia ajira ya watoto zilichangia, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulichangia zaidi, kwani hata kazi za vibarua zilikauka na kijana hakuwa na pa kwenda ila shule. Walimu waliozoea kuandaa watoto wachache kwa chuo kikuu wakajikuta mbele ya watoto wa wachimba makaa, wa wahamiaji kutoka Italia na Polandi, wa wakulima wa Iowa. Wafundishwe nini?

Jibu la kwanza lilikuwa limetolewa mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Charles Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard: somo likifundishwa, lifundishwe kwa namna moja kwa kila anayelisoma, awe anaelekea chuo kikuu au haelekei. Tume nyingine ikaja na jibu tofauti mwaka 1918. Hiyo ilianza na maisha yenyewe na kutaja malengo saba ya sekondari: afya, stadi za msingi za kusoma na kuhesabu, maisha ya nyumbani, kazi, uraia, matumizi mema ya muda wa mapumziko, na maadili. Lile la mapumziko huenda likaonekana dogo, lakini kwangu lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa. Muziki, uchoraji na maigizo vilipata pa kusimama hapo, kwa hoja kwamba mfanyakazi wa kiwandani naye ana jioni yake, na shule ina wajibu wa kumwandaa kwa jioni hiyo pia.

Cheti kimoja kiliwezekana kwa sababu ya hesabu ya yuniti. Yuniti moja ilikuwa somo moja lililofundishwa karibu kila siku kwa mwaka mzima, jumla ya saa 120 hivi. Kipimo hicho kilienea baada ya 1906 kupitia taasisi ya Carnegie, na shule nyingi zilidai yuniti kama 16 ili mtu ahitimu. Baadhi zilikuwa za lazima: Kiingereza, historia na uraia, hisabati na sayansi kwa kiasi, na mazoezi ya mwili. Zilizobaki mwanafunzi alijazia mwenyewe. Katika hesabu ya kuhitimu, yuniti ya useremala ilikuwa na uzito uleule wa yuniti ya Kilatini. Hivyo hakukuwa na cheti cha mafundi na kingine cha wasomi. Tofauti ilionekana pale chuo kikuu kilipoomba orodha ya masomo na kuangalia yuniti zile 16 zilikuwa zipi, na hilo wazazi wengi hawakuelezwa mapema.

Sasa kuhusu karakana. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, hata wataalamu, na kwa mtu anayefikiria amali ni muhimu kuyatenganisha. Kulikuwa na mafunzo ya mikono yaliyokuwa sehemu ya elimu ya jumla, na kulikuwa na mafunzo ya kazi yaliyomwandaa kijana kuajiriwa. Yalifanana kwa macho, randa ileile na patasi ileile, lakini shabaha zake zilikuwa mbalimbali.

La kwanza lina asili yake mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Shule ya ufundi ya Moscow, chini ya Victor Della-Vos, ilionyesha jinsi ya kufundisha ufundi kwa hatua: badala ya mwanafunzi kukaa miaka mingi akimtazama fundi mkuu, kazi nzima inakatwakatwa katika mazoezi, kuanzia jepesi hadi gumu. Wamarekani walivutiwa, na mwaka 1880 Calvin Woodward alifungua shule ya mafunzo ya mikono huko St. Louis. Hakutaka kuzalisha maseremala. Alitaka kijana ajifunze kufikiri kwa kutumia mikono. Karne ilipofika katikati, wazo hilo lilikuwa limeingia sekondari karibu zote. Mvulana wa darasa la 9 alizungushwa karakana hadi karakana, wiki kadhaa kwenye mbao, kadhaa kwenye mabati, kadhaa kwenye umeme, kadhaa kwenye uchapaji au michoro ya kiufundi.

Utaratibu wa karakana hizo ulikuwa mkali. Mwanafunzi hakukabidhiwa msumeno kabla ya kuchora kitu anachotaka kukitengeneza, kukipigia vipimo, kukadiria mbao na kujua gharama yake. Kisha akaanza na vyombo vya mkono: randa, guni, patasi, msasa. Mashine ya kukereza ilikuja baadaye, miwani ya kinga ikiwa usoni na mikono ya shati imekunjwa. Kazi za mwanzo zilikuwa vitu vidogo vya nyumbani, kama sanduku, rafu ya vitabu au kitako cha taa. Aliyeendelea hadi darasa la 12 alifika kwenye meza na kabati. Karakana ya uchapaji katika shule nyingi ilichapa gazeti la shule, programu za tamasha na tiketi za mechi, hivyo kazi ya mwanafunzi ilisomwa na watu, na kosa la herufi lilionekana na mji mzima. Hilo la kazi kutumika kweli ndilo ninalolithamini kuliko yote, maana mwanafunzi anayejua kwamba meza yake itakaliwa haipigi msasa nusunusu.

La pili, mafunzo ya kazi, lilisimama juu ya sheria ya mwaka 1917 iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson. Serikali kuu ilichangia mishahara ya walimu wa kilimo, wa viwanda na wa sayansikimu, na kila dola yake ilipaswa kulinganishwa na dola ya jimbo au ya wilaya. Kwa shule za kutwa za viwanda, angalau nusu ya muda wa mafunzo ilipaswa kuwa kazi ya vitendo yenye manufaa ya kweli. Mwanafunzi wa kilimo alitakiwa kufanya kazi ya shamba chini ya usimamizi kwa angalau miezi sita kwa mwaka. Kwa hiyo kijana alifuga nguruwe wake, au alilima ekari yake ya mahindi, akaweka daftari la gharama na mapato, na mwalimu akamfuata nyumbani kukagua. Vijana hao walianzisha chama chao cha kitaifa huko Kansas City mwaka 1928, na jaketi zao za buluu za kodrai zilizoanza mwaka 1933 zinavaliwa hadi leo. Wasichana hawakukubaliwa rasmi katika chama hicho hadi 1969. Vijana weusi wa kusini walikuwa na chama chao tofauti kuanzia 1935, na viwili hivyo viliunganishwa mwaka 1965 tu.

Wakati wavulana wako karakana, wasichana walikuwa jikoni. Sayansikimu ya Marekani ilianzishwa na watu makini sana, na mbele yao alikuwa Ellen Swallow Richards, mkemia, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1873. Yeye alipima maji na vyakula maabara, na alitaka mama wa nyumbani ajue kwa nini maziwa huharibika na nini kimo ndani ya unga anaouziwa. Alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa fani hiyo mwaka 1909. Kufikia miaka ya 1950, somo lilikuwa limepungua makali ya kikemia katika shule nyingi: wasichana walifanya kazi kwa makundi madogo, kila kundi na jiko lake, wakajifunza kupanga mlo, kuoka, kupika mchuzi mweupe usio na madonge, na bajeti ya nyumba. Upande wa cherehani walianza na aproni, wakaenda kwenye sketi yenye zipu, kisha gauni. Wengi waliohitimu waliweza kuvaa nguo waliyojishonea wenyewe, na kwa familia za kipato cha chini hiyo ilikuwa fedha iliyobaki mfukoni.

Ukiniuliza ni somo lipi la vitendo lililobadilisha maisha ya watu wengi zaidi, sitataja karakana wala jiko. Nitataja taipureta. Darasa la kupiga chapa lilikuwa na safu za mashine, mchoro wa kibodi ukining'inia ukutani, na katika shule nyingi vibonye vilifunikwa ili mwanafunzi asitazame vidole. Kasi ilipimwa kwa maneno kwa dakika, mapigo matano yakihesabiwa neno moja, na makosa yalipunguza alama. Pamoja na hilo kulikuwa na utunzaji wa vitabu vya hesabu na hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunakili haraka maneno ya msemaji, ya John Robert Gregg, aliyeitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1888. (Makatibu muhtasi wa kwetu walifundishwa zaidi ile ya Pitman, kwa kuwa tulikuwa chini ya Waingereza.) Msichana wa miaka 18 aliyemaliza kozi hizo aliweza kuingia ofisini mara tu baada ya mahafali, akapata mshahara, akavaa vizuri, akasaidia wazazi. Na yule aliyekwenda chuo kikuu alipiga chapa insha zake mwenyewe. Hili ndilo somo la vitendo ambalo njia zote zilikutana.

Mafunzo ya udereva yaliingia baadaye kidogo. Mwalimu Amos Neyhart aliyaanzisha katika sekondari ya State College, Pennsylvania, mwaka 1934, na baada ya vita yakaenea nchi nzima, kwa magari yenye breki ya ziada upande wa mwalimu.

Tuje kwenye tarumbeta la mjomba. Sheria ya 1917 haikumlipa mwalimu wa muziki. Bendi za shule zilikua kwa njia nyingine: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watengenezaji wa vyombo vya muziki walihitaji wateja wapya, na mwaka 1923 walifadhili mashindano ya kitaifa ya bendi za shule huko Chicago. Miji ikashindana. Bendi ilipiga kwenye mechi za mpira za Ijumaa usiku na kwenye maandamano ya sikukuu, wazazi wakauza keki kununua sare, na mkuu wa shule aliyethubutu kufuta bendi alijua atakutana na mji mzima kwenye kikao cha bodi. Hivyo masomo ya kazi yalilindwa na sheria ya Washington, na muziki ulilindwa na jamii iliyouzunguka. Ninasisitiza hili kwa sababu shule nyingi za kwetu husubiri fungu kutoka juu ndipo zianze kwaya.

Nichukue mfano wa mji mmoja, Detroit, mji wa magari. Sekondari ya ufundi ya Cass, iliyohamia jengo refu la ghorofa mwaka 1922, ilichagua wanafunzi kutoka mji mzima, kwa hiyo haikuwa shule ya kawaida ya mtaa. Ila kwa swali lako inafundisha mengi, kwani ndani ya jengo hilohilo kijana aliweza kusomea umeme, kukereza vyuma, kushona, au kupiga kinubi. Dorothy Ashby alikutana na kinubi akiwa mwanafunzi hapo, baadaye akawa mmoja wa watu wa kwanza kukiingiza kinubi katika jazi kwa uzito. Ron Carter aliingia akiwa mpiga selo. Alipoona kwamba nafasi za kupiga zinawapita wapiga selo weusi, alihamia besi mwaka 1954, shuleni hapohapo, na mwaka 1963 akaingia kwenye kundi la mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis. Diana Ross, unayemjua kwa kuimba, alisomea hapo ubunifu na ushonaji wa mavazi na kuhitimu mwaka 1962.

Chicago nako kulikuwa na sekondari ya DuSable, katika mtaa wa weusi wa kusini mwa mji. Hii ilikuwa shule ya mtaa hasa, isiyochuja wanafunzi. Mwalimu wake wa bendi, Walter Dyett, aliyejulikana kwa cheo cha kapteni, alifundisha kuanzia 1935 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa mkali wa wakati na mkali wa sauti, na fedha za vyombo zilichangishwa kwa maonyesho ya wanafunzi wenyewe. Wapiga saksafoni Gene Ammons, Johnny Griffin na Von Freeman wote walipita mikononi mwake. Watu husema vipaji huzaliwa. Mimi nikiona shule moja ya mtaa maskini inatoa wanamuziki wa kiwango hicho mmoja baada ya mwingine, namtazama mwalimu na ratiba yake.

Na sasa lile zito. Nani aliamua Yohana aende Kilatini na Petro aende karakana? Kwa maandishi, ni mwanafunzi na mzazi. Kwa vitendo, alikuwa mwalimu wa ushauri mwenye faili la majaribio ya akili, na mara nyingi na mawazo yake tayari kuhusu mtoto wa mtaa fulani. Msichana hakuulizwa kama anapenda injini. Ratiba ilimpeleka jikoni. Mgawanyo huo wa kijinsia haukuvunjwa kisheria hadi sheria ya elimu ya 1972. Mwaka 1945 Charles Prosser, mmoja wa wasanifu wakuu wa sheria ile ya 1917, aliuambia mkutano huko Washington kwamba asilimia 20 ya vijana wanaandaliwa kwa chuo kikuu, asilimia 20 kwa kazi za ufundi, na asilimia 60 waliobaki wanahitaji mafunzo ya kuwawezesha kumudu maisha. Hapakuwa na utafiti nyuma ya asilimia hizo. Lakini serikali iliunda tume ya kuendeleza wazo hilo mwaka 1947, na katika baadhi ya shule watoto walitumia saa za masomo kujadili jinsi ya kujipanga nadhifu na kupata marafiki, huku aljebra ikiachiwa wengine. Nasema wazi kwamba hilo lilikuwa dhuluma iliyovikwa nguo ya huruma. Kumwambia mtoto wa miaka 14 kwamba hana haja ya aljebra ni kumfungia milango ambayo hata yeye hajaiona bado.

Kwa watoto weusi jambo hili lilikuwa na makali zaidi. Tangu mwisho wa karne ya 19 kulikuwa na wafadhili na wanasiasa walioamini kwamba elimu ya mikono ndiyo inayowafaa, na iishie hapo. Anna Julia Cooper, mkuu wa sekondari ya M Street huko Washington kuanzia 1902, alikataa kupunguza Kilatini na hisabati za wanafunzi wake, akawafikisha wanafunzi wake hadi vyuo vikuu vikubwa, na akaondolewa kwenye nafasi hiyo mwaka 1906. Shule yake, iliyoitwa Dunbar baadaye, iliendelea kutoa wasomi hadi miaka ya 1950. Kusini, shule za weusi zilipewa karakana zenye vyombo chakavu na vitabu vilivyokwisha kutumiwa na wazungu, na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni ilichukua miaka mingi kutekelezwa. Na Los Angeles, Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wenye asili ya Meksiko walitoka madarasani wakiandamana. Moja ya malalamiko yao ilikuwa kusukumwa kwenye masomo ya kazi za mikono badala ya yale ya kuwafikisha chuo kikuu.

Mama, huenda wewe mwenyewe una hofu ileile ukisikia neno amali. Hofu hiyo ina historia hapa kwetu, na inaunganika moja kwa moja na Marekani. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka New York, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya mfano wa shule za weusi wa kusini mwa Marekani, yaani Hampton na Tuskegee. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, Kenya, kuandaa walimu wa kwenda vijijini kufundisha afya, kilimo na kazi za mikono. Kulikuwa na mema ndani yake. Lakini wazee wetu waliona kwamba watoto wa walowezi hawakupelekwa huko, wakajua maana yake. Ndiyo sababu wazazi wengi walipigania elimu ya vitabu kwa nguvu zote, na sioni kosa lao.

Umeuliza mbona Wamarekani waliuacha. Hawakuuacha kwa siku moja. Mwaka 1953 mwanahistoria Arthur Bestor wa Chuo Kikuu cha Illinois alishambulia shule kwa kutupa masomo ya fikra, na mashambulizi yake mengi yalielekezwa kwa mafunzo yale ya kumudu maisha. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza angani, na taifa likaingiwa na hofu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower akatia saini sheria iliyomwaga fedha kwenye hisabati, sayansi na lugha za kigeni. Mwaka 1959 James Conant, aliyekuwa rais wa Harvard, alitoa ripoti ya kuitetea sekondari yenye kila kitu. Alisema shule iwe kubwa kiasi cha kuhitimisha wanafunzi angalau 100 kwa mwaka, ili imudu karakana na maabara pamoja. Akapendekeza pia kitu ambacho shule nyingi zilikipuuza: kusiwe na kundi linaloitwa la chuo kikuu na lingine la ufundi, kila mwanafunzi awe na mpango wake, na watoto wa uwezo wote wachanganywe kwenye darasa la mahudhurio la asubuhi na kwenye somo la uraia la mwaka wa mwisho.

Baada ya hapo fedha zikaanza kukimbia. California ilipopunguza kodi ya majengo kwa kura ya mwaka 1978, karakana na bendi zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa, kwa kuwa mbao, chuma na saksafoni ni ghali kuliko chaki. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 1983 ikataka kila mwanafunzi asome Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu, sayansi mitatu na maarifa ya jamii mitatu. Kila yuniti iliyoongezwa huko iliondolewa kwenye zile za hiari. Mashine za kukereza ziliuzwa, na vyumba vingi vikawa vya kompyuta. Leo wilaya kadhaa zinajaribu kurudisha karakana, na zinakuta jambo gumu zaidi ni kumpata mwalimu, kwani fundi hodari hulipwa zaidi nje ya shule.

Kuhusu fomu yako, sitakuchagulia. Nenda shuleni kabla ya kuijaza ukaulize mambo yaleyale ambayo wazazi wa Detroit na Los Angeles walipaswa kuuliza. Hisabati na Kiingereza vya mkondo wa amali vinafika kina kilekile cha mkondo wa jumla? Mwanangu akibadili mawazo baada ya mwaka mmoja, anaweza kuhama, na atapoteza nini? Cheti atakachopata kinakubaliwa kuendelea na ngazi zipi, na nani amekitambua kwa maandishi? Omba kuonyeshwa karakana yenyewe, sio picha yake: hesabu vyombo, tazama kama vina vumbi, uliza nani amenunua vifaa vya muhula huu. Uliza mwalimu wa fani amewahi kuifanya kazi hiyo nje ya darasa. Uliza pia kama kuna wasichana kwenye useremala na wavulana kwenye upishi, maana jibu litakuonyesha kama shule inamtazama mtoto au inatazama desturi. Na uliza kwaya, ngoma na maigizo viko wapi kwenye ratiba, hata kama mwanao atachagua uchomeleaji.

Ukipata majibu yao, niandikie tena na unitajie fani walizo nazo. Nitakuambia kwa kila moja ni vifaa gani karakana haiwezi kukosa ikiwa kweli wanafundisha.